Chumba cha Nyuzi Kumi na Tatu

Ottavio alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne:
ngazi kumi na mbili kwenda chini,
tao la mawe, na chini ya tao, mvinyo.
Kwao, alisema, ardhi ni jokofu lisilo na waya.
Nikamwambia, hapa Kasuarina
ukichimba unachimbua bahari.
Hakusadiki. Tukachimba.
Tumbawe la kwanza likatoka kavu, jeupe kama jino,
la pili likatoa jasho,
na siku ya tatu Thoya, shimoni hadi kiunoni,
akachota maji kwa kofia, akayaonja, akatema:
"Bosi, mchuzi umeshatiwa chumvi."

Tukafukia. Tukaja juu,
kwenye stoo ya katikati ya nyumba,
mbali na ukuta wa magharibi unaokaangwa kila alasiri.
Kuta mbili, na kati yao upana wa kiganja,
sponji ngumu, kisha nailoni nzito upande wa nje,
kwa sababu joto la Malindi halipigi hodi,
huja na mtungi wake kichwani,
na likikuta ukuta wa baridi hapohapo hutua mzigo,
na ukuta ukaota ndevu za ukungu.
Hilo nililijua mimi. Mengine alinifundisha yeye:
nyuzi kumi na tatu, siyo kumi, siyo kumi na nane.
Giza.
Chupa ilale ubavu, mvinyo uguse kizibo,
kizibo kikikauka hewa itaingia kama mwizi wa kuku.
Pasiwe na mtikisiko; jenereta ikahamia nyuma ya banda.
Rafu za mbambakofi, bila vanishi,
maana mvinyo una pua.
Miaka ishirini na sita ninajengea watu vyumba,
sijaulizwa hata mara moja
kama atakayelala humo atalala vizuri.

Usiku kumi na nne tulikilinda kipimajoto kama mgonjwa.
Thoya aliandika ukutani kwa penseli:
13, 13, 13, 16 (stima ilipotea), 13.

Makreti yakaja. Ottavio akainua chupa moja
kwa mikono miwili, kama mkunga.
"Huu una miaka thelathini na mmoja," akasema.
"Bado haujawa tayari."

Nikahesabu kurudi nyuma.
Mwaka ule baba yangu, Mrima wa Ngowa,
alikuwa na minazi kumi na minane ya kugema,
asubuhi na jioni, kotama kiunoni,
nyayo zake zimeshika umbo la shina.
Mnazi wake wa alfajiri tuliunywa sisi watoto;
saa sita ulianza kuuma ulimi,
magharibi ulimwangusha mtu na baiskeli yake,
na kesho yake mama alitilia kachumbari.
Hakuna aliyewahi kuuwekea mlango.
Na baba naye, asubuhi aliyoteleza,
wa jioni yake haukugemwa.

Siku ya mwisho, kabla sijakabidhi ufunguo,
nilipita Muyeye kwa dada yangu Mbodze,
nikachukua chupa ya plastiki, mnazi wa alfajiri ileile,
nikaulaza ubavu rafu ya chini kabisa,
kati ya wageni wenye karatasi za dhahabu.
Nilitaka kujua tu.

Asubuhi kifuniko kilikuwa kimerukia mlangoni.
Povu limeshuka rafu mbili
na lilikuwa bado linasema, linasema,
gizani, kwenye nyuzi kumi na tatu.
Uliobaki nikauonja:
ulikuwa umechelewa kidogo,
kama mtu aliyesimamishwa njiani kwa salamu.

Nikapangusa kwa shati langu, nikapangusa tena.
Ottavio akaingia, akasimama, pua juu.
"Kuna kitu humu," akasema. "Kama kitu hai."
"Chokaa mbichi," nikamwambia. "Itakwisha."