Upepo Utakufika

Nafundisha hapa Lamu
darasa lenye wazimu,
arubaini timamu,
dirisha limevunjika.

Kichochoro cha mtaa
punda wawili wajaa;
mpita njia hukaa
hadi watakapovuka.

Mtaala waagiza
tabia njema kukuza,
na kila muhula jaza
fomu, kisha kupeleka.

Jumatatu, saa mbili,
somo letu la adili,
nikaandika kamili
WEMA, neno likawaka.

Waliandika upesi
kwa mwandiko wa kiasi,
chini mstari mweusi,
kisha wote wakacheka.

Kwa kuwa aliingia
Famau, ametulia,
harufu yamfatia
ya zizi alikotoka.

Ni mwana wa mchukuzi,
punda wao ndiyo kazi;
simiti, mawe na nazi
toka gati hupeleka.

Na Famau, kabla shule,
huwalisha pale pale
majani, maganda tele,
dawa vidonda hupaka.

Kila punda ana jina:
Subira, Nuru na Hina;
mwengine mmoja hana,
jana ndipo alifika.

Basi pua wakabana,
daftari kupepeana,
mabega kusukumana
kwa kicheko na dhihaka.

Nami hapa naungama:
nilidhani ni huruma.
"Penye dirisha la nyuma
upepo utakufika."

Akalibeba dawati
peke yake, katikati,
akinusa lake shati,
ukutani akaweka.

Nikarudi ubaoni.
"Semeni, wema ni nini?"
Mikono juu angani,
majibu yakafurika.

"Kugawa." "Kusaidia."
"Mkubwa kumwamkia."
Vyema nikawatilia
hadi chaki kukatika.

Mwanajaa hakusema.
Si hodari wa kusoma,
sauti yake huzama
akiitwa kuinuka.

Mara, sauti ya mbao:
avuta dawati lao;
wakageuka wenzao,
yeye kimya akavuka.

Na Saumu, mwenza wake,
akabaki peke yake
wima, na vitabu vyake,
asijue pa kuweka.

"Mwanajaa, waenda wapi?"
Akajibu, kwa ufupi:
"Mwalimu, upepo upi
huku mbele umefika?"

Hakuna aliyetoa
neno wala kukohoa.
Ubaoni WEMA, doa
jeupe, linanicheka.

Mimi niliyehitimu
kwa cheti cha ualimu,
nilosomesha nidhamu
hadi koo kukauka,

maneno yangu yenyewe
yamerudi kama jiwe
lirushwalo, na nisiwe
na mahali pa kwepuka.

Famau akasogea,
kiganja kikafagia
mchanga uloenea,
kama mgeni kafika.

Saumu akaja pole
na vitabu vyake vile;
hakubana pua ile,
ingawa ilikunjika.

Wengine hawakuhama.
Sidai darasa zima
limejifunza huruma;
wapo bado wanacheka.

Shali, hadi leo hii,
hupita hamwangalii,
na somo halimwingii
hata nikikasirika.

Ila mimi, saa sita,
Famau nilimfata
uani, nikamkuta
punda mpya kamshika.

"Nilikosa," nikasema,
"kukuweka kule nyuma."
Kwato akazitazama.
"Haidhuru," kaitika.

Akanipa kitambaa
chenye dawa. Nikakaa.
Mkono ukakataa
kidonda kile kupaka.

"Pole pole," kanambia,
"kwanza atakunusia;
harufu akizoea
hatarusha teke. Weka."

Fomu ilipofikia
safu iitwa 'Tabia',
Mwanajaa, nikatua,
nisijue la kuweka.

Nami meza yangu sasa
iko nyuma ya darasa,
na upepo, hata kwa kosa,
haujawahi kufika.