Mwambie

Basi la saa tisa limeniacha, la kumi na moja bado.
Mvua ya Yorkshire haina ngurumo, hunong'ona tu na kulowesha.
Nikaingia mkahawa wa ubavuni mwa kanisa,
miwani ikashika ukungu, meza zote zimejaa,
na msichana wa aproni ya maua akanipeleka dirishani,
kwenye kiti kimoja kilichobaki
katikati ya mabibi wawili wenye pua moja.

Ikaletwa sahani ya ghorofa tatu:
chini sandwichi za tango, zimenyolewa kingo,
kati skoni, moto bado, zimepasuka kiunoni,
juu vikeki vya waridi, ukubwa wa kifungo cha koti.
Birika limevishwa kofia ya sufi
kama mtoto anayeogopewa mafua.

"Mwambie Muriel," akasema wa kushoto, macho kwangu,
"maziwa hutangulia."
"Mwambie Enid," akajibu wa kulia, sauti laini kama siagi,
"yalitangulia kwa mama, tukanywa maji ya kuoshea vikombe."
Nikamwambia. Nikamwambia.
Mdomo umejaa krimu, nimekuwa mkalimani
wa Kiingereza kwenda Kiingereza.

Mwambie jamu hii ni ya plamu, kama za mti wetu.
Mwambie mti ulikwenda na nyumba.
Mwambie aseme nani aliuza nyumba.

Hilo sikulipeleka.
Nililimeza na chai, likaniunguza koo.

Msichana akaja kuongeza maji moto, akaniinamia sikioni:
miaka kumi na mmoja, kila Alhamisi, meza hii hii,
bili hugawana nusu kwa nusu hadi peni.
"Na huomba," akasema, "waketishiwe mgeni."

Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sikujua kama dawa yenyewe
hukalishwa katikati na kukabidhiwa kisu cha jamu.

Taa za basi zikapita kwenye kioo. Nikasimama,
nikapangusa makombo, nikaaga kushoto, nikaaga kulia.
"Mwambie," Enid akaanza,
akakuta kiti changu kitupu.

Nje, nikitafuta sarafu kwa vidole vyenye sukari,
nilimwona Muriel akiizungusha ile sahani, polepole,
hadi skoni ya mwisho ikaelekea upande wa nduguye.
Basi likang'oka.
Kama ililiwa, sikuona.