Stakabadhi Namba 0417

Karani Kihwelo ana daftari pana kama kitanda cha mtoto,
na ana roho nzuri, hilo nalisema mwanzo.
Kila Alhamisi hunisogezea benchi,
hulamba kidole, hufunua Machi, hufunua Aprili,
na kidole kinasafiri: Kigoma, ndiyo. Uvinza, ndiyo.
Kaliua mtu kapiga mhuri juu ya mhuri.
Tabora kuna doa la chai.
Baada ya doa, hakuna neno.

"Hatujaupoteza, mama," anasema.
"Ila hatujui ulipo."

Mzigo wenyewe ni cherehani,
ya marehemu mama, ya mkono, gurudumu lina ufa.
Kaka Bitegeko kaifunga kwa kanga yake,
ile iliyoandikwa TUTAONANA TUKIJALIWA,
halafu gunia, halafu kamba ya katani,
halafu jina langu kwa rangi iliyobaki ya mlango:
MWAJABU, DAR, KARIBU NA RELI.
Kama vile Dar ina Mwajabu mmoja.
Kama vile kuna mtu Vingunguti asiyekaa karibu na reli.

Majirani wananicheka. Angempa dereva wa basi, wanasema,
simu moja, kesho yake umeshaupata.
Ni kweli. Sina jibu.
Nina karatasi hii ya rangi ya waridi,
imekunjwakunjwa hadi imelainika kama kitambaa;
ningekuwa na cherehani ningeipiga pindo.

Usiku treni ya mizigo ikipita nyuma ya choo
vikombe vinagongana kabatini
nami nahesabu mabehewa. Kumi na tisa. Ishirini na moja.
Nawaza: lile la saba, mlango umefungwa kwa waya,
mama ndiye ananipita,
anakwenda bandarini, atarudi Morogoro,
anaijua nchi hii kuliko alivyoijua akiwa hai,
yeye ambaye hakuwahi kuvuka Malagarasi.

Alhamisi iliyopita walinitolea mzigo.
Kwa shangwe, karani na makuli wawili.
Ilikuwa baiskeli. Lutambi, Mpanda.
"Weka saini tu," akasema kuli mmoja, "nawe ujipoze."

Nikagusa kengele. Ikalia vizuri.
Nikamwona Lutambi huko kwao,
kakaa kwenye benchi kama hili langu,
kalamu mkononi,
mbele yake cherehani ya mtu,
anasoma polepole maneno ya kanga.

Sikusaini.
Nikamwambia Kihwelo, andika upya: Mpanda,
herufi kubwa, chaki pande zote mbili.
Nikalipa ushuru wa ghala, elfu tatu, deni lisilo langu,
na kwenye keria nikafunga rili moja ya uzi mweusi.

"Uzi wa nini tena?"

Wa mashine, nikasema.

Akaniangalia. Akaangalia daftari.
Akaandika: *baiskeli moja, uzi mmoja.*

Iliondoka Ijumaa.
Daftari linasema hivyo.