Namba za Bati

Baba yangu, Atilio Kihwele, alipanda ngazi kwa mshahara.
Kila Jumapili, Mufindi, kiwanja cha mabwana chai,
alipanda na namba ya bati kwapani,
akaitundika msumarini, akashuka kuifuata nyingine.
Wachumaji wakipita na vikapu mgongoni walimtania:
Atilio, mpanda ngazi hushuka!
Naye: Nashuka kuchukua sita.

Mchezo wenyewe ulikuwa kioja.
Watu wazima, suruali nyeupe, nchi ya udongo mwekundu,
wanakimbia kidogo, wanasimama sana,
kisha kila kitu kinakatishwa
ili wanywe chai.
Chai! Mama alicheka hadi kikapu kikamponyoka.

Mabwana wakaondoka mmoja mmoja, kama ukungu wa saa nne.
Baba akabaki na ngazi, redio ya betri nne,
na daftari la hesabu lenye jalada la kijani.
Humo akaanza kuandika mataifa.
Kriketi ya siku tano, si ya jioni moja;
na siku ya tano ikifika, pengine hakuna aliyeshinda,
mtangazaji anaaga kwa furaha
kana kwamba kashiba.

Nilizaliwa Karibi wakiwa wafalme.
Mpira wao, alisema Baba ambaye hakuwahi kuwaona,
hufika kwanza, ndipo ukauona.
Miaka kumi na mitano hakuna aliyewashinda katika mfululizo wa mechi.
Tuligawana visiwa: mimi Barbados, kaka yangu Jamaika,
gongo letu bua la mhindi, wiketi yetu debe la mafuta ya taa.

Kisha, ukurasa wa kushoto, wakashindwa.
Tukasema bahati mbaya.
Wakashindwa tena.
Ndio mwaka ambao kiwanda kilipunguza watu,
na jina la Baba likabandikwa getini, la nane kutoka juu.
Kaka alilia, sijui kwa lipi kati ya hayo.
Baba, Karibi wamekwisha?
Alikuwa anachonga penseli.
Wamehamia safu ile ya pili, akasema. Lete wembe.

Zimbabwe, wa barabara hii hii ukishapita Tunduma na Zambia,
walichomoza kama uyoga wa masika.
Tukawanunulia betri mpya.
Betri zilikuwa bado nzima redio ilipoacha kuwataja.
Lakini ukurasa alioupenda ni wa Nyuzilandi,
alionakili kutoka gazeti kuukuu lililofungia sukari:
miaka ishirini na sita ya vipigo na sare
kabla ya ushindi wa kwanza.
Chini yake alipiga mstari mmoja, kwa rula.

Kuna Februari moja haina timu.
Ina tarehe, na maneno matatu:
Mvua. Hakuna mchezo.
Siku ile haikunyesha.
Tulimzika Mama juani, vumbi likitupanda miguuni.

Kiwanja sasa ni parachichi, mistari kwa mistari,
mali ya kijana wa Njombe anayevaa miwani hata wakati wa ukungu.
Tatu inaziba banda la kuku.
Sifuri inafunika mtungi wa ulanzi.
Ubao umelala nyuma ya choo, misumari imeota kutu.

Mwaka juzi, Januari, mchana, mianzi ikigemwa,
Baba akanibipu. Nikampigia.
Alinong'ona kama anayeogopa kuamsha mtoto:
Karibi wamewashinda Australia. Kwao kwao.
Kwa mikimbio mingapi?
Minane.
Akanyamaza. Nilisikia jogoo, na redio inakoroma.
Kisha: Ile nane uliichukua wewe?

Ninayo, hapa Makambako, dukani.
Imezuia mlango usibamizwe na upepo,
miaka, wateja wanaikanyaga.
Nitaileta Jumamosi, nikasema.
Ilete na misumari, akasema.
Ngazi ipo.