Laini ya Marehemu

Ujumbe umeingia kabla jogoo hajawika,
simu ikatetemeka ndani ya kopo la mchele
ninamoiweka isiingie unyevu:
«Mpendwa mkulima Mwaringa Tsofa,
umetengewa magunia matatu ya mbolea ya ruzuku.
Fika bohari ya Malindi kabla ya tarehe kumi na nne.»

Mpendwa.
Mwaka wa tatu huu hakuna amwitaye hivyo
ila serikali.

Amelala pale, hatua arobaini toka jikoni,
kati ya mihogo yangu na mpaka wa kina Kitsao.
Udongo umeshashuka, umekuwa sawa na mwingine,
kuku wanaupekua bila adabu.
Lakini laini yake naitia salio,
shilingi kumi, shilingi ishirini nikiuza mchicha.
Laini ikifungwa,
atakufa na kule kwenye daftari lao.

Si kwamba sikusema.
Nilikwenda na cheti cha kifo, nimekikunja mara nne.
Karani akaniuliza hati ya shamba.
Ya baba mkwe.
Na baba mkwe?
Alikwenda mwaka ule wa mafuriko, Sabaki ilipopanda hadi shuleni.
Akacheka, si kwa ubaya,
kama anavyocheka mtu aliyefungia ufunguo ndani.
«Mama, nikimfuta huyu, wewe unaanza upya,
na upya huo sijui una miaka mingapi.
Mwache kwanza avune.»

Basi tangu siku hiyo marehemu analima.
Marehemu ana ekari mbili na nusu za mahindi,
ana mbuzi saba waliohesabiwa,
amehudhuria semina ya viwavi jeshi pale Madunguni,
akanywa soda,
akatia sahihi kwa mkono wangu.

Alipokuwa hai alijiandikisha mara mbili.
Alisimama juani na viatu vya kanisani.
Hakupata hata gunia tupu.
Mbolea ilianza kuja
tulipokuwa bado tunarudisha sufuria za watu, za matanga.

Leo foleni imezunguka bohari, imepita choo, imerudi.
Wanaume wamekalia kandambili zao.
Kitambulisho chake nimekifunga kwenye pindo la leso.
«Mwenyewe yuko wapi?»
«Anaumwa.»
«Mwaka jana pia aliumwa.»
«Ugonjwa wake ni wa kudumu.»
Kijana akaitazama picha, akanitazama mimi,
akaomba namba ya siri, akagonga mhuri.
Nadhani na kwao yuko mgonjwa.

Magunia matatu kwenye simu,
mawili kwenye bega la mpagazi.
La tatu, wanasema, mfumo umelikataa.
Sikuuliza mfumo anakaa wapi.
Bodaboda akataka mia nne kila gunia hadi nyumbani,
tukabishana, tukafika mia tatu na hamsini,
na ile nafuu ya serikali ikaanza kudondoka njiani
kama chembe kwenye mshono.

Nimefungua gunia: ni ya kupandia.
Mahindi yangu yananifika magotini.
Mvua za mwaka zimenyesha wiki ya tano sasa,
nilipanda kwa samadi ya mbuzi wa marehemu,
nikipima kwa kizibo cha chupa.
Nimeyafunga tena, nimeyapandisha darini
kusubiri vuli, panya wakipenda.

Kilichomwagika sakafuni nimekizoa kwa kiganja,
nimekwenda kukikung'utia pale, hatua arobaini.
Kitanenepesha magugu, najua.
Lakini jina ni lake.

Jioni simu imeita tena mcheleni:
«Mpendwa mkulima, umeridhika na huduma yetu?
Jibu moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana.»
Nikamsomea kwa sauti.
Nikangoja kidogo, kwa heshima.
Salio limebaki senti arobaini.