Kopo la Baba

Trekta la Baba halikuuawa na kazi.
Liliuawa na kopo.

Kila jioni, akitoka shamba la tumbaku,
alipanda juu ya boneti akalifunika bomba la moshi
kwa kopo la maziwa ya unga, ukingo umeliwa na kutu.
Tulicheka: Baba anaivisha Fodi kofia.
Kisha akafa, mwezi wa tatu, mvua haijakatika,
na katika hekaheka za matanga
nani angekumbuka kofia?

Mvua za miaka mitano zikashuka ndani ya bomba lile.

Fundi Luhende alikuja kwa baiskeli kutoka Usoke stesheni,
spana kazifunga kwenye kipande cha kitenge.
Akafungua kifuniko cha valvu. Akanusa.
Nane: nne za hewa, nne za moshi.
Akazigusa moja moja kwa kucha,
kama mtu abishaye hodi nyumba yenye msiba.
"Tatu zimelala mdomo wazi. Hazirudi."

Nikaleta nyundo.
Akaitazama nyundo, akanitazama mimi.
"Ukipinda shina lake, umelizika trekta. Kalete mafuta ya taa."

Mafuta ya taa, na oili ya breki kidogo,
tone, tone,
pale chuma kinapopenya ndani ya chuma.
Siku ya kwanza tukangoja. Ya pili tukangoja.
Kumbe kungoja nako ni spana,
ila haina namba.

Siku ya tatu, treni ya Kigoma ikipiga honi nyuma ya mabani,
akachomoa nozeli, akaishindilia kamba ya katani
ndani ya silinda, pima kwa pima,
akaniambia nizungushe injini kwa mkono, polepole,
kamba ipande, iisukume valvu nyumbani kwake.
Yeye kashika shina kwa koleo:
kulia unywele mmoja, kushoto nyweleo mbili.
Kutu ikalia, kwii.
Ikalegea. Ikashuka. Ikarudi.
Ya pili nayo.

Ya tatu ikagoma
hadi giza likatufukuza,
hadi kesho yake saa nne,
hadi Luhende akaitukana kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini,
tukana ya kumbembeleza ndama.
Ndipo.

Trekta likakohoa. Likatema kiota cha nyigu,
udongo na mabuu, juu ya paa la jiko.
Moshi mweupe, moshi mweusi, kisha mngurumo ule
uliokuwa ukituamsha kwenda shule.
Kuku wakatawanyika. Mimi nilitazama pembeni.

Lilipozimwa, Mama akatoka ndani na kopo.
Miaka yote hiyo alikuwa akipimia karanga za mbegu.
Akazimwaga kwenye ungo,
akakaza kitenge kiunoni, akakanyaga gurudumu,
akapanda, sitini na kitu yake,
akalifunika bomba
likiwa bado la moto.

Ulikuwa mwezi wa saba.
Mbinguni hapakuwa na wingu hata la kuazima.