Kwako Uliyeandika kwa Penseli

Sikujui, ila herufi zako nazijua:
R.T., ndani ya mlango wa kabati la umeme,
penseli nene ya seremala, mwandiko ulioinamia kushoto.
«Swichi ya tatu ni mwongo. Igonge mara mbili.»

Nilikuleta nyumbani mwezi wa pili,
wewe na mashine yako, juu ya trela ya farasi
ya jirani yangu Delwin Nebeker,
barabara ya Tremonton barafu tupu
na milima ya Wellsville imejifunika shuka hadi shingoni.
Dola mia tatu na arobaini.
Kiwanda kimefungwa, matangi yanafumwa kwingine,
na mnadani hakuna aliyenyanyua mkono ila mimi
na bwana mmoja wa vyuma chakavu.
Kufa kufaana, wanasema.
Kalamu ilikuwa nzito nilipotia saini.

Wiki tatu za kwanza: viota vya panya, grisi iliyoganda kama nta.
Mashine inadai umeme wa fezi tatu;
gereji yangu ina moja,
nayo huyumba Ardeth akiwasha tanuri.
Nikatoa mota kwenye pampu kuukuu ya shambani,
nikaifunga kapasita, ikanguruma kwenye kona,
shahidi anayeapa kwa niaba ya wasiokuwepo.
Fyuzi zikaungua. Nilihesabu hadi tisa, nikaacha.
Ubongo wake wa zamani ulikuwa umeoza kwa kutu ya betri,
nikauchomoa, mjukuu wangu Kimber
akapachika kibao cha ukubwa wa kipande cha sabuni.

Jaribio la kwanza:
mhimili ukazunguka, kitoroli kikaenda,
uzi wa kioo ukapita kwenye gundi, ukatoka unameremeta,
ukajilaza vizuri, vizuri,
kisha wakati wa kurudi ukateleza
kama soksi iliyokatika mpira.
Mara ya pili, vilevile.
Mara ya sita gundi iliganda ndooni na brashi ikiwa ndani.
Ardeth alisimama mlangoni na bakuli la supu,
akatazama, akaliweka juu ya vaisi, akaenda zake.
Uzi ule ule, nikajiambia,
ingawa saa hiyo niliwaza yule bwana wa vyuma chakavu
na kama bado ninayo namba yake.

Ni Kimber aliyelala chali sakafuni kutafuta nati
akakuona tena, chini kabisa ya mlango,
mahali ambapo goti langu halinipeleki:
«Kitoroli kinasoma safari yake kinyume
tangu walipobadilisha kebo.
Usiguse kebo. Nimejaribu. Geuza hesabu.»

Tukageuza hesabu. Alama moja tu, ya kutoa.

R.T., ungeisikia.
Nyuzi zikavukana kwa nyuzi hamsini na nne,
almasi juu ya almasi, kwenda na kurudi,
na kila mmoja ukiangukia ubavuni mwa mwenzake
bila kusukumana.
Nilizima redio. Kimber alisahau kutafuna.

Bomba lenyewe ni zito upande mmoja, lina mapovu,
halitabeba gesi wala heshima.
Ardeth amelisimika kando ya sanduku la barua
ili gari la kusukuma theluji lijue ukingo wa njia.

Nami nimechonga penseli.
Chini ya maneno yako nimeongeza,
mwandiko wangu ukiegemea kulia:
«Swichi ya tatu bado ni mwongo.
Siku hizi inagongwa mara tatu.»